UMEME SAFI NAUTAKA, LAKINI MWENYE SHAMBA ASIKILIZWE KWANZA

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Leo sikuja na hadithi ya sungura na fisi wala shairi la mapenzi. Nimekuja na jambo linalopita juu ya vichwa vyetu kila siku, nalo ni stima. Naam, stima! Nataka tuulizane: nchi yetu inapojenga mitambo ya upepo, ya jua na ya mvuke wa ardhini, ni nani anayepaswa kuulizwa kwanza, na aulizwe lini?

Maoni yangu nayatoa mapema ili asije mtu akanielewa vibaya. Mimi naunga mkono umeme safi kwa mikono miwili. Hata hivyo, nasema kanuni zetu za kupanga miradi hii zafaa kurekebishwa, kwa sababu hivi zilivyo zinamchelewesha mwenye kujenga na papo hapo zinamdhulumu mwenye kukaa. Kanuni ikiwaumiza wote wawili, basi ujue ina kasoro.

Pengine utaniuliza, kwani haraka ya umeme safi ni ya nini? Waulize wazazi wako habari za mwaka wa 2000. Kiangazi kilikausha mabwawa yanayotuzalishia umeme, na stima ikawa inagawanywa kwa zamu kama maji ya kisima cha kijiji. Viwanda vilizimwa, vinyozi wakakaa bila kazi, na watoto wa mjini wakasoma kwa mishumaa. Tangu hapo ikadhihirika kwamba hatuwezi kutegemea mvua peke yake. Kwa bahati njema Mungu ametujalia. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka wa 1981. Kwenye vilima vya Ngong mitambo ya kwanza ya upepo ilisimamishwa mwaka wa 1993. Garissa wana uwanja mkubwa wa vioo vya jua uliofunguliwa mwaka wa 2019. Leo karibu sehemu tisa kwa kumi za umeme unaozalishwa nchini hutokana na mvuke, maji, upepo na jua. Ziko nchi tajiri ambazo bado zinachoma makaa ya mawe na kuuchafua ulimwengu mzima, ilhali sisi tunaoitwa maskini tumewatangulia. Hili ni jambo la kujivunia, tena sana.

Hata hivyo, kizuri hakikosi ila. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kila jioni narudi nyumbani. Juu ya shamba la nyanya yangu zinapita nyaya kubwa za umeme. Usiku ukitulia, hasa kukiwa na ukungu, unazisikia zikivuma kama mzinga wa nyuki. Lakini ndani ya nyumba ya nyanya kuna koroboi, na siku hizi taa ndogo ya sola tuliyonunuliwa na mjomba. Najua nyaya za aina ile hubeba umeme wa nguvu nyingi wa kwenda mbali, na hauwezi kushushwa hapo hivi hivi bila mitambo ya kuupunguza nguvu. Tumefundishwa hayo katika Fizikia. Jambo nisiloelewa ni hili: wale waliokuja kupima walimpa nyanya karatasi ndefu ya Kiingereza atie kidole gumba, naye hata Kiswahili hakisomi vizuri. Baadaye ndipo alipoambiwa kwamba chini ya nyaya asijenge nyumba wala asipande miti. Fidia nayo ilichukua miaka. Ilipofika, babu alikuwa amekwisha kuzikwa. Sitaji jina la mtu wala la kampuni, kwa maana sikuja hapa kuchongea mtu. Nataka tu ujue kwamba ninaposema juu ya mwenye shamba, sisemi juu ya mtu niliyemsoma gazetini.

Muhula uliopita chama chetu kilifanya mjadala juu ya mada hii: "Wanakijiji wasiruhusiwe kuzuia miradi ya umeme." Wenzetu waliounga mkono walisema ati kijiji kimoja hakiwezi kuisimamisha nchi nzima, na kwamba watu wa mashambani ni wajinga wanaoogopa kila kitu kipya. Waliopinga nao walisema afadhali kampuni zote zifungashe virago ziende zao, ardhi ya mababu ibaki kama ilivyokuwa. Makofi yalipigwa pande zote mbili. Mimi nilitoka humo nikiwa sikubaliani na upande wowote, na sababu zangu ni hizi.

Tazameni Kinangop, katika kaunti ya Nyandarua. Ulikuwepo mpango wa kusimamisha mitambo 38 ya upepo ya kuzalisha takriban megawati 60. Pesa zilipatikana na kampuni ikawa tayari. Lakini wakulima wa viazi na wafugaji wa ng'ombe wa pale walikuwa na maswali. Je, tutahamishwa? Je, mitambo hii itatudhuru afya? Je, mashamba yetu yatakuwa ya nani? Walioketi na wakulima hao wakawajibu kinaganaga hawakutosha, na mahali penye swali lisilo na jibu uvumi huota kama magugu. Wanasiasa nao wakaingia. Maandamano yakazuka, na mwaka wa 2015 mtu mmoja akapoteza maisha. Mwezi wa Februari mwaka wa 2016 mradi ukaachwa kabisa. Jiulizeni, nani alishinda hapo? Kampuni ilipoteza pesa. Nchi ilipoteza umeme. Familia moja ilipoteza mtu wake. Wakulima wenyewe hawakupata hata barabara.

Tena kuna jambo la Kinangop ambalo hata kwenye mjadala wetu halikutajwa. Nyasi za uwanda ule ni makao ya ndege mmoja mdogo mwenye kifua cha manjano ambaye hapatikani popote duniani ila Kenya, na Kinangop ni mojawapo ya ngome zake kuu. Nyasi zenyewe zinapungua kila mwaka kwa sababu ya kulimwa. Siwezi kusema mitambo ndiyo ingemmaliza ndege huyo. Nasema mambo kama hayo yangetakiwa kuwa kwenye ramani tangu mwanzo, kabla mtu hajachimba shimo hata moja.

Sasa twende kaskazini, Marsabit, karibu na Ziwa Turkana. Huko ndiko kulikojengwa mradi mkubwa wa upepo wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Ni kazi ya ajabu, na anayeibeza hana shukrani. Lakini sikilizeni mambo mawili. La kwanza, mitambo ilikuwa tayari mwaka wa 2017, ila laini ya kuuleta umeme mpaka Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari. Mwanakandarasi wa kwanza alifilisika, na mazungumzo ya fidia na wenye mashamba yakachukua muda mrefu. Umeme ulianza kuja Septemba mwaka wa 2018. Muda huo wote mitambo ilisimama, na kwa mujibu wa mkataba serikali ikalazimika kulipa mabilioni ya shilingi kwa ajili ya umeme ambao haukuwasha hata balbu moja. Pesa hizo ni za kodi ya mama muuza mboga na ya baba mwendesha bodaboda.

La pili ni ardhi. Mradi ulipewa ekari 150,000 za malisho ambazo wafugaji wa huko walizitumia tangu enzi. Baadhi yao wakaenda kortini mwaka wa 2014 wakidai kwamba hawakuulizwa ipasavyo. Oktoba mwaka wa 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi ile hazikutolewa kwa kufuata sheria, ikatoa mwaka mmoja kasoro hiyo irekebishwe. Hebu fikirini: mitambo imekwisha simama na umeme umekwisha fika Nairobi, ndipo swali la mwenye ardhi linaulizwa! Huku ni kufunga zizi ng'ombe wakiwa wamekwisha toka. Laiti swali lilelile lingaliulizwa mwanzoni, kesi ya miaka saba isingalikuwepo.

Kwa hiyo mwenzangu unayesema wanakijiji wanachelewesha maendeleo, hebu tazama tena. Kinangop na Marsabit hazikuharibika kwa sababu watu waliulizwa mno. Ziliharibika kwa sababu waliulizwa kidogo, au waliulizwa wakati mambo yalikwisha kupita. Haraka haraka haina baraka. Wahenga walituambia zamani, nasi tunaendelea kulipia somo hilo kwa mabilioni.

Nawe uliyesema kampuni zote ziondoke, nakuomba nawe usikilize. Iko mifano inayoonyesha kwamba mambo yanaweza kufanyika kwa njia ya heshima. Huko Kajiado kuna mradi wa upepo wa Kipeto, wenye mitambo 60. Wenye mashamba hawakunyang'anywa ardhi. Waliikodisha, wanalipwa, na ng'ombe wanaendelea kulisha chini ya mitambo. Na kwa kuwa eneo lile lina tumbusi, wale ndege wakubwa wanaokula mizoga na ambao sasa wako hatarini kutoweka, wamewekwa watu wa kutazama angani. Tumbusi akikaribia, mtambo huzimwa mpaka apite. Nani angefikiri kwamba mtambo wa mamilioni ungempisha ndege?

Hata Olkaria, palipokuwa na machungu, pana la kujifunza. Mitambo ya mvuke na Mbuga ya Hell's Gate viko pamoja, na Wamaasai wa vijiji kadhaa walihamishwa mwaka wa 2014 ili kupisha upanuzi. Baadhi yao walilalamika kuhusu makao mapya, hatimiliki na njia za kupita. Malalamiko yalifika mpaka Benki ya Dunia. Badala ya kupigana, pande zote zikaletewa wapatanishi, wakaketi, na mwaka wa 2016 wakafikia makubaliano. Sisemi kila mtu aliridhika. Nasema walizungumza, na mazungumzo ni nafuu kuliko mawe na vitoa machozi.

Sasa nasikia mmoja wenu akiguna: "Ukiongeza kanuni utaongeza ucheleweshaji. Ulimwengu unazidi kuwa na joto, na wewe unataka vikao!" Hoja hii ina uzito, sitaidharau. Lakini wacha nimkumbushe jambo. Mwaka wa 2019 leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu ilifutwa na Baraza la Kitaifa la Mazingira, lile ambalo hukata rufani za mazingira. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba watu wa Lamu hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria ya kumsikiliza mwananchi ndiyo iliyokuwa ngao ya wavuvi, mikoko na mji ule wa kale. Ukiivunja ngao hiyo leo ili mradi safi upite upesi, kesho mchafu naye atapita mlango huohuo. Hakuna mlango unaojua kuchagua wageni.

Isitoshe, mimi siombi vikao viongezwe. Naomba viwekwe mahali pake. Haya ndiyo mapendekezo yangu.

Kwanza, ramani itangulie leseni. Sheria ya mwaka wa 2019 kuhusu matumizi ya ardhi inazitaka kaunti kuwa na mipango ya ardhi zake. Basi kila kaunti iketi na wananchi ichore waziwazi: hapa ni makaburi na mahali patakatifu, hapa ni malisho ya kiangazi, hapa ndipo wanapopita ndege na tembo, na hapa panafaa mitambo. Kampuni ikichagua palipokubaliwa, ipewe leseni upesi. Ikichagua penye shida, isubiri na ijieleze. Kwa njia hii mwenye kujenga hapotezi miaka akitafuta mahali ambapo atakuja kufukuzwa.

Pili, lugha. Hapa sisi wa Chama cha Kiswahili tunapaswa kusimama wima! Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi. Mbona basi ripoti ya athari za mradi kwa mazingira inakuja ikiwa na mamia ya kurasa za Kiingereza kigumu? Muhtasari uandikwe kwa Kiswahili chepesi, usomwe barazani kwa lugha ya mama, na nakala iachwe kwa chifu na katika maktaba ya shule iliyo karibu. Mtu asitie kidole kwenye jambo ambalo hajasomewa.

Tatu, mchunguzi asiwe mtumishi wa anayechunguzwa. Ilivyo kawaida, mtaalamu anayeandika ripoti ya mazingira huajiriwa na mwenye mradi, ingawa lazima awe amesajiliwa na NEMA. Hata kama ni mwaminifu, nani atauma mkono unaomlisha? Kampuni ilipe pesa kwenye mfuko, na NEMA ndiyo imchague mtaalamu.

Nne, fidia itangulie mlingoti. Viwango vya malipo vibandikwe ofisini kwa chifu kila mtu avione, ili pasiwe na jirani anayelipwa mara mbili na mwingine anayelipwa ahadi. Mwenye kulipwa akicheleweshwa, aongezewe riba kama vile benki inavyofanya tunapochelewa sisi.

Tano, kijiji kipate fungu lake. Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019 inasema mrabaha unaotokana na mvuke wa ardhini ugawanywe hivi: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya mahali hapo. Vizuri sana! Lakini kwa nini mvuke peke yake? Jamii iliyo chini ya mitambo ya upepo au kando ya vioo vya jua nayo itengewe fungu kwa sheria, isingoje hisani ya mwenye kampuni. Tena vijiji ambavyo nyaya kubwa hupita juu yake viwe vya kwanza kuunganishiwa stima, wala visiwe vya mwisho. Si haki mtu abebe mzigo ambao hata harufu ya chakula chake hapati.

Sita, muda uwekwe kwa pande zote. Afisa wa serikali apewe siku maalumu za kujibu ombi, na zikipita aeleze kwa nini. Vivyo hivyo kijiji nacho kipewe muda wa kutosha wa kupinga, kisha muda huo ukiisha kwa haki, pasiwe na mwanasiasa wa kuja kuchochea watu mlingoti ukiwa umesimama. Panapokuwa na mgogoro, wapatanishi waitwe kabla ya mawakili.

Wenzangu, mnaona kwamba katika haya sita hakuna hata moja linalosema mradi usijengwe. Wala hakuna linalosema mwananchi akanyagwe. Kuna watu wanaodhani kwamba lazima uchague kimoja, ama mazingira ya dunia ama mazingira ya kijiji. Mimi naona hilo ni kosa. Tunajenga mitambo ya upepo ili kuokoa ardhi, maji na watu. Ukimdhulumu mtu na kuharibu ardhi yake katika kuijenga, umeokoa nini?

Nasi wanafunzi tusikae kama watazamaji wa mpira. Tuko kwenye Kidato cha Tatu na cha Nne. Tunasoma lugha zote mbili, na wengi wa wazee wetu hawakubahatika. Tangazo la mradi likibandikwa sokoni au kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, lisome, kisha uwasomee wazee nyumbani. Kukiwa na baraza, nenda. Uliza swali kwa adabu, na jibu uliandike. Kampuni ikisema "wananchi walikubali," pawepo angalau mtu mmoja kijijini mwenye daftari linaloonyesha walikubali nini, lini, na kwa masharti gani. Kazi hiyo haihitaji shahada ya chuo kikuu. Inahitaji kalamu ya shilingi ishirini na moyo wa kujali.

Kwa walimu wetu naomba neno moja tu. Mada hii isiishie kwenye mjadala wa Ijumaa na makofi. Tungeomba chama chetu kikubaliwe kuandaa mwaka ujao muhtasari wa Kiswahili wa sheria hizi, kurasa mbili au tatu, tuugawe kwa wazazi siku ya mkutano wao. Anayeona nimekosea katika mapendekezo yangu na anijibu katika toleo lijalo. Nitamsoma kwa furaha.

Upepo hauna mwenyewe na jua halina hatimiliki, lakini ardhi tunayosimamishia mitambo ina watu, makaburi, ndege na ng'ombe. Tukibisha hodi kabla ya kuingia, mlango utafunguliwa. Tukiingia kwa kishindo, tutajibiwa kwa kishindo, na sote tutabaki gizani. Kwa hayo machache, naweka kalamu chini.